Kibahasha Kisicho na Jina

Aprili 2019, Kate Foo Kune wa Mauritius alikuwa Port Harcourt, Nigeria, kwenye mashindano ya badminton ya Afrika. Akaitwa kutoa mkojo. Kwa mchezaji wa kiwango chake hilo si jambo la kushtua. Alikwisha kuwa bingwa wa Afrika kwa upande wa wanawake, mchezaji mmoja mmoja. Alikwisha kucheza Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Na kwao mchezo huo ni wa nyumbani, maana dada yake Karen alimtangulia kufika Olimpiki. Mkojo ukagawanywa kwenye chupa mbili, A na B, karatasi zikatiwa saini, naye akaendelea na safari zake.

Majibu yakarudi na ostarini.

Ostarini huwezi kuandikiwa Hospitali ya Rufaa Mbeya wala kwingine kokote, kwa sababu haijaidhinishwa kutibu ugonjwa wowote. Ni kemikali ya kujenga misuli ambayo wajanja huiuza mtandaoni wakiibandika jina la kirutubisho. Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, limeipiga marufuku mwaka mzima, uwe mashindanoni au uwe likizo kwenu kijijini.

Kate alisema hakuitumia. Kuna mtu alimwekea. Msomaji anaweza kuguna, kwani karibu kila anayekamatwa huja na kisa cha namna hiyo. Jopo la Shirikisho la Badminton la Dunia, BWF, halikuguna. Lilimsikiliza, likaamini kwamba huenda kweli alihujumiwa, likamwona hana kosa. Shirikisho lenyewe halikuridhika na uamuzi wa jopo lake, likakata rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, yenye makao yake Lausanne, Uswisi. Desemba 2020 mahakama ikatengua uamuzi wa kwanza na kumfungia miaka miwili. Ukiivua hukumu ile mavazi yake ya kisheria unabaki na jambo moja: hakuweza kuonyesha kitu kile kilivyoingia mwilini mwake.

Hapa pana jambo wengi hulipita haraka. Kwa kemikali za kundi la ostarini, mchezaji anayeshindwa kuonyesha kwamba hakukusudia hula miaka minne. Miwili ni ya yule ambaye hahesabiwi kuwa alikusudia. Yaani Kate alifungiwa bila sheria kumwita mdanganyifu. Mtu anaweza kuwa mkweli tangu unyayo hadi utosi na bado akakaa benchi miaka miwili.

Na miaka miwili kwenye badminton ya mchezaji mmoja mmoja ni mirefu kuliko inavyosikika. Nafasi yako duniani inatokana na alama za mashindano yako 10 bora ndani ya wiki 52. Usipocheza wiki hizo 52, alama zinayeyuka zote na jina linatoka kwenye orodha. Ukirudi unaanza na mashindano madogo, nauli juu yako, hoteli juu yako, ukicheza raundi za mchujo na wasichana waliokuwa shule ya msingi ulipokuwa bingwa. Anayecheza wawili wawili ana mwenzake wa kugawana naye gharama, na wa kumwangalizia begi akienda msalani. Wa mmoja mmoja hana. Anasafiri peke yake, anakula anachokuta, anaacha chupa kwenye kona ya ukumbi, anaingia uwanjani anahangaika na kinyoya, kile kimpira chenye manyoya, kwa dakika 50, kisha anarudi kuinywa. Olimpiki ya Tokyo ilipofanyika mwaka 2021, Kate alikuwa kifungoni.

Msomaji wa Mafinga au Mbalizi atauliza, yote haya yanatuhusu nini? Huku Nyanda za Juu Kusini msichana akitajwa kwenye michezo utasikia netiboli, wavu, mikono, mbio, na siku hizi soka. Badminton, au mpira wa vinyoya kama walimu wengine wanavyouita, wengi wameuona kwenye televisheni tu. Tena hali yetu ya hewa ina vituko vyake kwa mchezo huu. Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi. Mbeya ipo mita 1,700 juu ya bahari, na kwenye hewa nyepesi ya mwinuko huo kinyoya kilichotengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam kitaruka mpaka nje ya mstari wa nyuma. Viwanda hutengeneza vya polepole kwa ajili ya nyanda za juu, vyenye namba ndogo, 75 au 76. Na ukichezea nje, pale Iringa mjini juu ya kilima, upepo wa saa kumi jioni utakuchezea wewe. Mchezo unahitaji ukumbi, na kumbi tulizo nazo zinagombewa na harusi.

Lakini kanuni iliyomfunga Kate haina habari na aina ya mchezo. Inamhusu mkimbiaji wa Mbozi anayejiandaa na marathoni kama inavyomhusu mchezaji wa netiboli aliyechaguliwa timu ya taifa akiwa kidato cha tano Loleza au Iringa Girls. Inasema hivi: kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Mpimaji hana kazi ya kuthibitisha ulikipataje. Hiyo kazi ni yako.

Mahakama zetu za kawaida zimetuzoesha vingine. Kule Jamhuri ndiyo inayohangaika kuthibitisha, wewe unaweza kunyamaza. Kwenye michezo anayenyamaza ameshindwa, na anayeongea bila ushahidi naye ameshindwa.

Linganisha na Lee Chong Wei wa Malaysia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa namba moja wa dunia kwa wanaume. Agosti 2014, kwenye mashindano ya dunia mjini Copenhagen, mkojo wake ulikutwa na deksamethasoni. Hii tunaifahamu, ni dawa halali ya hospitali, ya familia moja na prednisoloni wanayopewa wagonjwa wa pumu. Lee naye alisema hakukusudia. Tofauti ni kwamba alikuwa na cha kuweka mezani: vidonge vya kirutubisho alivyokuwa akimeza, ambavyo maganda yake ndiyo yaliyobeba dawa. Jopo likaridhika. Aprili 2015 akapewa miezi minane iliyohesabiwa kuanzia nyuma, akapoteza medali yake ya fedha ya dunia, na kufikia Mei alikuwa huru kucheza. Mwaka uliofuata akachukua fedha ya Olimpiki Rio.

Yupo na Laurence Vincent-Lapointe wa Kanada, mpiga kasia, bingwa wa dunia mara nyingi. Mwaka 2019, mwaka ule ule wa Port Harcourt, alikutwa na ligandroli, ambayo ni ndugu wa ostarini. Mawakili wake walipeleka nywele maabara, zake na za aliyekuwa mpenzi wake, na majibu yakaonyesha kuwa mtumiaji ni yule kijana. Binti alipata chembe chembe tu kwa kuwa naye karibu. Januari 2020 akaachiwa, na Tokyo akapanda jukwaani.

Usiniambie kwamba hii ni haki iliyonyooka. Nywele hazipimwi bure, na wakili wa kesi za Lausanne hafanyi kazi kwa ahsante. Anayeweza kununua ushahidi ana nafasi kubwa kuliko asiyeweza, na binti wa mkulima wa viazi kule Isyonje yuko upande wa wasioweza. Naliona hilo kuwa doa kwenye mfumo mzima, na wakubwa wa michezo wa Afrika wangelisemea zaidi kuliko wanavyogombea posho za safari. Ila doa hilo halitafutika wiki hii, na binti atapimwa wiki hii.

Karibu zaidi na sisi yuko Ruth Chepngetich wa Kenya. Oktoba 2024 mjini Chicago alikimbia marathoni kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Machi 2025 mkojo wake ukakutwa na haidroklorothiazidi. Jina refu, lakini ukifungua sanduku la dawa la bibi yeyote mwenye presha unaweza kuikuta. Ni dawa ya kukojoza. Inapunguza maji mwilini na hivyo kushusha shinikizo la damu. WADA imeizuia kwa sababu mkojo ukizidi maji, alama za dawa nyingine hufifia. Maelezo yake ya baadaye yalikuwa kwamba alijisikia vibaya akameza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Kitengo cha uadilifu cha riadha hakikuyapokea kama udhuru. Kiasi kilichokutwa kilikuwa mbali mno juu ya kiwango, na kwa macho yao mwanariadha wa ngazi yake anayemeza dawa ya mtu mwingine bila kuuliza amejitakia. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu.

Dawa ya mfanyakazi wa nyumbani. Nani kati yetu hajawahi kumeza dawa ya jirani?

Sasa twende uwanjani kwetu. Ni mwezi wa sita, msimu wa michezo ya shule, na ndio msimu wa baridi. Kutoka Uyole kupanda Uporoto asubuhi nyasi zina umande wa kukata vidole. Makete na Kitulo ni jalidi. Nusu ya timu ina mafua. Kambi inalala darasani, magodoro chini, na matroni ana mfuko wa plastiki wenye dawa. Mchezaji akikohoa usiku anapewa kidonge. Kidonge gani? Cha mafua. Kimetoka kwenye kibahasha kidogo cha karatasi, kimeandikwa kwa kalamu 1 x 3, basi. Muuzaji wa duka alikata pakiti kwa mkasi ili auze vidonge sita badala ya kumi, na mkasi ukapita katikati ya jina. Au alivihesabu kutoka kwenye kopo la vidonge 1,000, na kopo limebaki dukani. Asubuhi msichana amepata nafuu, anacheza vizuri, mkuu wa msafara anafurahi.

Baadhi ya dawa za mafua zina sudoefedrini, ambayo ikipita kiwango fulani kwenye mkojo siku ya mashindano ni kosa. Nyingine hazina kabisa. Parasetamoli haina shida, ibuprofeni haina shida, diklofenaki haina shida. Ila ukiwa na kibahasha cha 1 x 3 huwezi kujua umemeza ipi, na mwaka mmoja baadaye ukiulizwa na watu waliokaa mezani na tai zao, huwezi hata kulitaja duka.

Pembeni ya uwanja kuna chupa ya lita moja na nusu. Ilinunuliwa stendi ikiwa na maji, sasa imejazwa bombani na mtu akamimina glukosi. Inazunguka. Wa kwanza anakunywa, anampa wa pili, mtazamaji mmoja naye anaomba kidogo, inarudi. Kwa malezi yetu mtoto anayekumbatia chupa yake peke yake ni mchoyo, na mama yake ataambiwa. Wahehe na Wanyakyusa hatukufundishwa kunywa peke yetu. Ulanzi ukija, chombo kinapita mkono kwa mkono na anayekikataa anatafutwa ana ugomvi na nani. Ni adabu njema na singependa ife. Lakini mchezaji anayepimwa lazima aombe radhi kwenye adabu hiyo. Aseme, shikamoo mwalimu, naomba maji yangu yawe yangu. Na mwalimu amjibu marahaba bila kununa.

Kuna na yale ya mabinti peke yao, ambayo makocha wanaume huyakwepa. Tumbo la mwezi linauma siku ya fainali, rafiki anatoa kidonge kwenye pochi. Binti mwingine ameambiwa mnene, anatafuta chai ya kupunguza mwili. Mwingine ameambiwa mwembamba, anatafuta vidonge vya kunenepa. Vitu hivyo vinauzwa Mwanjelwa kama vinavyouzwa Kariakoo, mara nyingi bila karatasi ya maelezo. Chai za kupunguza mwili zimewahi kukutwa duniani kote zikiwa zimechanganywa sibutramini, iliyoondolewa madukani nchi nyingi kwa sababu ya moyo, na iliyo kwenye orodha ya WADA. Za kunenepa, mara nyingi siri yake ni ile ile deksamethasoni iliyomgharimu Lee medali. Na mitishamba? Mzee wa dawa anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hawezi kukuandikia kilichomo, na siku hizi wapo wanaosaga vidonge vya dukani ndani ya unga wa mizizi.

Sisemi mgonjwa asitibiwe. Mwenye pumu avute salbutamoli yake. Kipo kiwango kinachoruhusiwa kwa kuvuta. Anayehitaji dawa iliyozuiwa anaombewa kibali cha matumizi ya tiba kabla ya mashindano, kwa barua ya daktari. Wanamichezo wakubwa wana vibali hivyo na wanacheza navyo bila aibu. Tatizo letu si ugonjwa, ni kutokuwa na kumbukumbu.

Ndiyo maana nasema silaha ya masikini kwenye kesi za namna hii ni daftari. La kurasa 48 linatosha. Msichana anaandika tarehe, jina la dawa kama lilivyo kwenye pakiti, namba ya toleo, duka alilonunua, aliyemwandikia. Anabaki na pakiti tupu. Anamwambia muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu kabla hajashika mkasi: mimi ni mchezaji, naomba pakiti nzima au niandikie jina. Muuzaji mwenye leseni hawezi kukasirika, ni haki ya mteja. Kama ni bei, timu ichange. Chupa yake ina jina lake kwa kalamu ya wino usiofutika, na ikiachwa bila mtu anaimwaga, hata kama ameshaitilia glukosi ya shilingi elfu moja.

Nimesikia makocha wakisema haya ni ya wakubwa, mtoto akifika timu ya taifa atafundishwa. Akifika timu ya taifa atakuwa na miaka 19 na tabia ya miaka 19. Tabia ya kupokea kidonge gizani bila kuuliza haivuliwi na semina ya siku mbili kwenye hoteli ya Dar es Salaam. Kocha wa namna hiyo ananikumbusha kwamba tunapenda kulaumu wazungu kwa sheria zao kali, huku sisi wenyewe ndio tuliomkabidhi mtoto kile kibahasha.

Na kuhusu Kate, usimhukumu kwa nusu ya habari. Alimaliza kifungo chake, akarudi, akaanza kukusanya alama kutoka chini. Aliolewa, na siku hizi kwenye orodha za mashindano anaitwa Kate Ludik. Mwaka 2024, akiwa na miaka 31, alicheza tena Olimpiki, Paris, miaka minane baada ya Rio. Wachache wana uvumilivu huo, na wachache zaidi wana nchi ya kuwasubiri. Msichana wa Ludewa anayefungiwa akiwa na miaka 20 ataolewa, atafungua genge, na hakuna atakayekumbuka kuwa alikuwa na mkono wa dhahabu.

Mwalimu wa michezo unayesoma haya ukiwa Rungwe, Mufindi au Kilolo: orodha ya WADA hubadilishwa kila mwaka na huanza kutumika Januari mosi. Ipo bure mtandaoni, inafunguka kwenye simu ile ile unayotazamia matokeo ya ligi. Kabla timu haijapanda basi kwenda mashindano ya mkoa, mwombe mfamasia wa kituo chenu cha afya aipitie pamoja na mfuko wa dawa wa matroni, kidonge kwa kidonge. Kisichojulikana jina kitupwe shimoni, hata kama kimebaki kimoja na mtoto anakohoa. Kisha nunua daftari la kwanza wewe mwenyewe.